Duka Langu Lina Sheria, Vyumba Vyangu Havina

Kwa Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo lililonipata mimi, na ambalo najua linawapata wapangaji wengi wa mji huu wa Mombasa kila mwisho wa mwezi, nalo ni kupandishiwa kodi ghafla na kubaki tukitazamana, hakuna ajuaye sheria inasema nini.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga katika nyumba moja ya mawe mtaani Majengo: chumba cha mbele, kinachofungukia barabarani, ndipo penye duka langu la kushonea, na vyumba viwili vya ndani ndimo ninamoishi na mume wangu na watoto wetu watatu. Mwenye nyumba ni mmoja na ajenti anayekusanya kodi ni mmoja, lakini malipo ni mawili na risiti ni mbili, kwa sababu duka nililichukua miaka minne baada ya kuhamia vyumba vya ndani. Tarehe 27 ya mwezi, ajenti alituma ujumbe katika kundi la WhatsApp la wapangaji akisema kwamba kuanzia tarehe mosi kodi ya duka itatoka shilingi 12,000 hadi 17,000, na ya vyumba viwili itatoka 6,500 hadi 9,500, na kwamba asiyeweza akabidhi funguo mapema ili wanaosubiri wasicheleweshwe. Sababu haikutajwa. Hakuna kilichokuwa kimetengenezwa katika nyumba hiyo tangu mvua za masika zilipotoboa dari ya ukumbi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi alikuja mteja wangu mmoja, ambaye ni wakili, kuchukua buibui la mamake. Aliponiona sina raha aliniuliza, nami nikampa simu ausome ujumbe mwenyewe. Alichoniambia kimenifanya niandike barua hii. Alisema kwamba ujumbe ule, kwa upande wa duka, hauna nguvu yoyote ya kisheria. Na kwamba kwa upande wa vyumba ninamolala na watoto, msaada wa sheria ulikuwa mdogo sana.

Nitaanza na duka, kwa kuwa hapo ndipo wafanyabiashara wengi wadogo wanapopoteza haki wasiyojua kuwa wanayo. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, iliyopitishwa mwaka 1965, inahusu maduka, mahoteli na mahali pa kuuzia chakula. Duka kwa mujibu wa sheria hiyo ni mahali panapotumika hasa kwa biashara ya rejareja au ya jumla, au kwa kutoa huduma kwa malipo, na kwa hiyo fundi cherehani, kinyozi, msusi na fundi wa simu wote wamo. Mimi nilikuwa nikiamini, kama wanavyoamini majirani zangu, kwamba mtu asiye na mkataba wa maandishi hana la kusema mbele ya mwenye nyumba. Kumbe ni kinyume. Upangaji wa duka usio na maandishi ni miongoni mwa ule unaolindwa hasa na sheria hiyo, pamoja na ule wenye mkataba usiozidi miaka mitano, na ule ambao mkataba wake unaruhusu kuvunjwa kabla ya miaka mitano ingawa hakuna aliyekiuka masharti. Waliobaki nje, kwa bahati mbaya, ni wenye vibanda katika masoko ya kaunti, kwa sababu sheria inauondoa upangaji ambao serikali yenyewe ni mmoja wa wahusika.

Kwa mpangaji anayelindwa hivyo, mwenye nyumba hawezi kubadilisha sharti lolote kwa hasara ya mpangaji, kodi ikiwemo, mpaka atoe notisi kwa fomu maalumu iliyowekwa na kanuni. Notisi hiyo lazima itaje sababu. Lazima itaje siku itakapoanza kufanya kazi, na siku hiyo isiwe chini ya miezi miwili tangu mpangaji alipoipokea. Lazima pia imtake mpangaji ajibu kwa maandishi, katika muda wa mwezi mmoja, kama anakubali au anakataa. Mpangaji anayekataa anapeleka shauri lake mbele ya jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku ile kufika, na akishalipeleka, notisi inasimama na masharti ya zamani yanaendelea, kodi ya zamani ikiwemo, mpaka jopo litakapoamua. Jopo lina uwezo wa kupanga kodi mpya baada ya kusikiliza pande zote mbili. Haya yote hayategemei hisani ya mwenye nyumba wala maneno ya mkataba, kwani sheria inasema wazi kwamba yanatumika hata kama mkataba umeandikwa vinginevyo.

Naomba wasomaji wenye maduka wauzingatie sana mwezi ule wa kujibu. Kinyozi aliye milango miwili kutoka kwangu alipata notisi iliyo sahihi kabisa mwaka uliopita, kwa fomu yenyewe, yenye miezi miwili kamili. Akaikunja, akaiweka chini ya kioo, akasema atazungumza na mwenye nyumba siku wakionana msikitini. Miezi miwili ikapita. Anayenyamaza hahesabiwi kuwa amekataa. Muda ukiisha bila jibu wala shauri, notisi inaanza kufanya kazi kama ilivyoandikwa. Alipokuja kutafuta msaada alikuwa tayari anadaiwa tofauti ya kodi ya miezi mitatu. Ni mtu mwerevu, anayejua hesabu zake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kimya chake kingesomwa hivyo.

Mimi nilijibu kwa maandishi siku ya pili, barua ya nusu ukurasa, nikasema kwamba ujumbe wa simu si notisi na kwamba nitaendelea kulipa 12,000 mpaka taratibu zifuatwe. Tarehe mosi nililipa kwa M-Pesa kiasi kile kile cha zamani na nikaandika katika daftari langu. Ajenti alikuja dukani akiwa amekasirika, akasema maneno ambayo sitayarudia, lakini baada ya wiki mbili alirudi na fomu. Nikaijibu. Nikapeleka shauri. Mpaka leo nashona katika chumba kile kwa kodi ile ile, nikingoja siku ya kusikilizwa.

Sasa, Mhariri, tufungue mlango wa ndani.

Vyumba viwili ninamolala vina sheria yake, Sura ya 296, ya mwaka 1959, iliyotungwa kuzuia kodi za nyumba za kuishi zisipandishwe ovyo. Kwenye karatasi ni sheria kali kuliko ile ya maduka, kwani ina jopo lake na inamkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji pasipo sababu zilizoorodheshwa. Lakini inazihusu tu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo ya msingi, kwa nyumba iliyokuwa imepangishwa wakati huo, ni ile iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Kwa nyumba ambayo haikuwa imepangishwa siku hiyo, jopo hukadiria kwa kuangalia gharama ya ujenzi na thamani ya ardhi. Nyumba yetu ilijengwa miaka ya tisini. Wakili alinieleza kwamba kwa gharama za ujenzi na bei ya kiwanja hapa Majengo, si rahisi vyumba viwili vya mawe kukadiriwa chini ya 2,500, nami nilimwelewa bila ya kuhitaji kalamu.

Hata hivyo ni lazima niseme jambo moja kwa ajili ya wazee wanaoishi katika nyumba za zamani, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Kipimo si kodi unayolipa leo, bali kodi ya siku ile ya mwaka 1981. Mtu anayelipa 5,000 leo kwa chumba ambacho wakati ule kilikuwa kikilipiwa shilingi mia mbili huenda bado yumo ndani ya ulinzi wa sheria hiyo na hajui. Tatizo ni ushahidi. Ni nani katika mtaa wetu aliyehifadhi risiti ya Januari 1981? Waliokuwa wapangaji wakati ule wengi wamefariki, na nyumba zimerithiwa na kuuzwa mara mbili tatu.

Sisi wengine tumeangukia Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Humo, upangaji usio na muda maalumu, ambao kodi yake hulipwa kwa mwezi, huhesabiwa kuwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, na upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja inayoishia siku ya kulipa kodi. Hapo hakuna anayemuuliza mwenye nyumba sababu, wala hakuna siku ya kusikilizwa. Ni kweli kwamba hata kwa sheria hiyo siku nne alizotupa ajenti hazikutosha, na nilimwandikia hivyo, naye akatuongezea mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Basi. Mwezi ulipokwisha nililipa 9,500, kwa sababu anayeweza kukuambia uhame baada ya mwezi mmoja bila ya kueleza kwa nini anaweza pia kukuambia ulipe kiasi chochote anachotaka, na unajua hivyo kabla hajafungua kinywa.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja, mbele ya mwenye nyumba mmoja, kutokana na ujumbe mmoja wa simu, cherehani yangu ilipewa miezi miwili, fomu, sababu ya maandishi na siku ya kusikilizwa, na kitanda cha watoto wangu kilipewa siku 30. Nimelifikiria jambo hili kwa miezi kadhaa na bado silipatii maelezo yanayoridhisha, hasa nikisoma kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya mwaka 2010, kinachosema kwamba kila mtu ana haki ya kupata makazi yanayofaa.

Wako watakaosema kwamba dawa ni serikali kuweka bei ya juu kabisa ambayo kodi haitaivuka. Naelewa hisia hiyo, lakini siikubali, na sababu yangu iko katika sheria hizi mbili zenyewe. Sheria ya mwaka 1959 ilijifunga kwa kiasi cha fedha, na kiasi hicho kikaachwa hapo shilingi ikipungua thamani mwaka hadi mwaka, mpaka ulinzi ukabaki kwa nyumba chache ambazo hata kuzitambua ni kazi. Sheria ya maduka haikujifunga kwa kiwango chochote cha kodi. Iliweka utaratibu tu: notisi, muda, sababu, jibu, na mahali pa kwenda mkishindwa kuelewana. Ndiyo maana imenilinda mimi leo kama ilivyomlinda mwenye duka wa mwaka 1965. Ningependa wapangaji wa nyumba za kuishi wapewe utaratibu wa namna hiyo, na kodi yenyewe ijadiliwe na wanaohusika kwa kuangalia nyumba zinazofanana mtaani, hali ya jengo, na matengenezo yaliyofanywa.

Sisemi hivi kwa kuwachukia wenye nyumba. Hapa Majengo wenye nyumba wengi ni wajane na warithi wanaogawana kodi ya vyumba vinne kati ya ndugu saba, na bei ya saruji na mabati wanaijua kuliko mimi. Mtu aliyekopa benki ili ajenge ana haki ya kurudisha fedha zake. Lakini ajaye kuongeza kodi na aje na maelezo, nasi tupate nafasi ya kuyapima. Ajenti wetu, alipobanwa, alisema ni ushuru. Nikamwambia kwamba ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, na hatukuona kodi yetu ikishuka nao. Kama kungekuwa na jopo la kusikiliza habari za vyumba vyangu, jibu hilo lingeandikwa mahali na kupimwa. Mlangoni kwangu lilisemwa, likapita na upepo.

Kuna pia mambo yanayofanywa wakati mpangaji na mwenye nyumba wanavutana, nayo yanajulikana kote nchini: mlango kung'olewa, mabati kuondolewa, maji kufungwa, kufuli la pili kuwekwa mtu akiwa kazini. Hakuna sheria inayompa mwenye nyumba ruhusa ya kufanya lolote kati ya hayo. Hata anayedai kodi ya kweli, iliyochelewa kweli, anatakiwa kumtumia dalali mwenye leseni ndipo mali ya mpangaji iguswe, na kumhamisha mtu kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama au ya jopo linalohusika. Anayefanyiwa hayo apige picha, aandike tarehe, awaite majirani washuhudie, na aripoti kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Bunge limewahi kulijua tatizo hili. Mwaka 2021 kuliletwa mswada wa kuziunganisha sheria zinazotawala upangaji, yaani ile ya maduka, ile ya nyumba za kuishi na ile ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, ziwe sheria moja. Bunge lile lilimaliza muda wake mwaka 2022 na mswada haukuwa sheria. Sikubaliani na wanaosema kwamba ulikuwa mbaya kwa sababu uliwapendelea wapangaji. Wala siwezi kuutetea neno kwa neno. Ninachojua ni kwamba kila mwaka unaopita bila sheria mpya, kuna watu wanaohama.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu wa chumba cha nyuma. Alikuwa akiamka saa kumi za usiku kukanda mahamri, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi mbaazi zake zilikuwa zimeiva na watu wamejipanga kwenye kibaraza chetu, makuli wa bandarini na watoto wa shule. Chumba kilikuwa 3,500. Ujumbe ule ule ukakifanya 5,500. Kwa kuwa biashara yake aliifanya kibarazani na hakuwa amepanga duka, Sura ya 301 haikumfaa. Nilimsaidia kuandika barua. Alipata mwezi mmoja kama mimi, na mwezi ulipokwisha akahamia Likoni. Sasa huvuka feri alfajiri na ndoo mbili ili awahi wateja wale wale, na siku ambazo feri inachelewa, mbaazi hufika zimepoa na watoto wameshakwenda shule.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, wabunge wetu wa Mombasa, na hasa walio katika kamati zinazoshughulikia ardhi na nyumba, watueleze hadharani, kupitia gazeti lako kama watapenda, ni lini mpangaji wa nyumba ya kuishi atapata notisi ya miezi miwili yenye sababu, na mahali pa kuipinga, kama anavyopata mwenye duka. La pili naliomba kwako wewe, Mhariri: uchapishe siku moja, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu mzima asiye na miwani, maelezo ya ile fomu ya kupandisha kodi ya duka, na tarehe mbili ambazo mpangaji hapaswi kuzikosa. Nitaikata sehemu hiyo ya gazeti, nimpe kinyozi aibandike kwenye kioo chake, mahali ambapo kila anayekaa kunyolewa ataisoma.

Fundi cherehani na mpangaji,
Majengo, Mombasa